Sinia la Mchanga Mbichi

Ukikutana na Fundi njiani usitegemee akutazame usoni. Alianzia chini. Ungesema "Shikamoo Fundi," naye angeitikia "Marahaba" huku macho yake yako kwenye vidole vyako vya miguu, kisha yakapanda hadi kwenye kifundo, yakatulia hapo kidogo, ndipo yakafika usoni. Wanawake wageni pale Magomeni ya Mtwara walidhani ana tabia mbaya. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilikuwa nimeshajiandaa kumpasha, maana mdomo wangu hauna breki, waulizeni wanafunzi wangu. Kabla sijaufungua akasema, "Nwalimu, kisigino cha kulia kinakusumbua tangu lini?"

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.

Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani sijui, wala sikuwahi kuuliza. Nilichokijua ni kwamba alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya hospitali, wanakotengeneza miguu ya bandia na viatu vya watu wenye miguu yenye matatizo, akastaafu, akageuza chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa karakana. Bango hakuweka. Watu waliulizana tu, kwa Fundi wa miguu ni wapi, wakaonyeshwa. Kiswahili chake kilikuwa na Umakonde ndani: mtu kwake ni ntu, mguu ni nguu, na mimi nilikuwa Nwalimu kwa miaka yote tisa niliyomjua. Ninaandika habari zake kwa sababu kuna kitu nilikiona kwake nikakinyamazia. Mimi! Nisiyemnyamazia hata mkuu wa shule. Kinaniuma mpaka leo.

Nianze na kisigino changu. Nafundisha hesabu, na kutwa nzima nimesimama juu ya sakafu ya saruji. Wakati ule kila asubuhi nikishuka kitandani, hatua ya kwanza ilikuwa kama nimekanyaga msumari. Nikishatembea kidogo inapoa, nikikaa nikiinuka inarudi. Wenzangu ofisini walishanipa majibu yote: mmoja alisema ni gauti, mwingine uzito, wa tatu aliniambia nimekanyaga kitu nilichotegewa mlangoni. Sisi tumetoka bara, baba alikuja huku kwa kazi ya bandari, kwa hiyo kila tukiugua kuna anayetukumbusha kwamba hatujui mambo ya pwani.

Fundi hakumshika mwanamke mguu bila mkewe kuwepo. Alimwita, naye akaja na beseni lake la mihogo akakaa mlangoni anamenya. Mwanamke mnene, mcheshi, nilimzoea haraka nikawa namwita Mama. Fundi akaulaza mguu wangu mapajani kwake juu ya kitambaa safi, akakishika kidole gumba akakivuta kuelekea juu.

"Tazama uvungu wa unyayo wako. Umepanda, sivyo? Na sijaugusa. Nimevuta kidole tu."

Kweli, ulikuwa umepanda.

"Chini hapa kuna utando mgumu," akasema, akipitisha ukucha kutoka kisigino hadi kwenye vidole. "Umeshika huku na umeshika kule. Mifupa ya nguu ni mbao za kitanda, utando ndio kamba. Kamba zikikaza, kitanda kinabeba ntu. Sasa wewe usiku ukilala kamba inasinyaa, asubuhi unaishukia ghafla na kilo zako zote."

"Kilo zangu zimekukosea nini, Fundi?"

Mama alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Fundi hakucheka. Kuhusu miguu hakuwa na utani, na hilo nililijifunza siku ile. Aliniambia nisishuke kitandani kabla sijavuta vidole nyuma kwa khanga mara kumi, nisukume ukuta kila jioni ili shavu la mguu linyooke, kwa sababu likikaza linavuta kisigino, na kisigino kinavuta utando. Akanikatia soli ya ndani ya sponji na mpira, yenye shimo dogo pale panapouma. Nikauliza kama wiki mbili zitatosha. "Miezi," akasema. "Utando hauna damu nyingi. Unapona polepole kama ntu mwenye kinyongo." Ilichukua minne. Baada ya hapo nikawa napita kwake karibu kila Ijumaa nikitoka shule, bila ugonjwa wowote, kwa kupenda tu kumwona akifanya kazi.

Katikati ya chumba kulikuwa na sinia. Sinia la harusi, pana, la kulia pilau watu sita, ila Fundi alilijaza mchanga wa pwani akaulowesha kidogo, akausawazisha kwa rula ndefu ya mbao. Ukija na tatizo unavua viatu, unakanyaga, unatoka. Yeye anachuchumaa. Anasoma alama ile muda mrefu, anaingiza kidole kupima kina, kisigino kimezama kiasi gani, upande gani wa wayo umebeba mzigo, uvungu upo au umelala. Wakati mwingine aliniita nami nichuchumae, kama mwenye nyayo ameridhia. "Huyu anakanyagia pembeni. Tazama viatu vyake, vitakuwa vimeliwa nje." Tunageuza viatu, vimeliwa nje. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyepata jibu ubaoni.

Akimaliza kusoma, alifuta. Papo hapo, kwa rula, kabla mwingine hajaingia. Hata kama aliyefuata ni mtoto wa yule yule. "Alama ya ntu ni siri yake," alisema. "Niliisoma kwa sababu kaniruhusu. Wewe ukiikuta, hukuiona." Alinifundisha hivyo na mimi nikashika.

Wateja wake sasa. Walikuja wanawake wa Mikindani wanaokwenda kuokota chaza maji yakitoka, nyayo zimechanikachanika kwa matumbawe, na hao aliwahudumia kwa upole ambao mimi sikuwahi kuupata. Aliwapikia mchanganyiko wake wa nta na mafuta ya nazi, akawakatia makubadhi ya tairi yenye mkanda wa nyuma, kwa sababu ndala inamlazimisha mtu kuikamata kwa vidole, na vidole vikikamata siku nzima mguu mzima unachoka. Alikuja mlinzi mmoja kutoka Madimba anachechemea ndani ya buti alizoachiwa na mwenzake, ndogo kwake kwa namba mbili. Fundi alichukua kisu akazipasua ubavuni pale pale, yule kijana anapiga kelele. "Unalia kwa ajili ya buti?" akamuuliza. "Kucha zako nyeusi hujazililia."

Wakandaji aligombana nao mtaa mzima. Si kwamba alichukia kukandwa. Alichokataa ni mguu uliovimba kukandwa kabla haijajulikana umevimba kwa nini. Kulikuwa na mchezaji mpira aliyesikia "paa!" nyuma ya kisigino uwanjani, akageuka amtukane aliyempiga teke, nyuma hakuna mtu. Akakandwa wiki mbili. Alipoletwa kwa Fundi alilazwa kifudifudi kwenye benchi, Fundi akalibana shavu la mguu mzima, wayo ukacheza. Akalibana la mguu mbovu, wayo umetulia tuli. "Ukano umekatika. Mlikuwa mnakanda nini, hewa?" Aliwafokea ndugu za yule mchezaji mpaka mmoja akatoka nje. Ndivyo alivyokuwa, mkali, na mara nyingi aliikosea adabu hali ya mtu aliyekwisha kuumia.

Lakini wateja waliomnyima usingizi ni wenye sukari. Hao aliwahubiria. Kila mmoja alimpa kioo kidogo cha mkononi akague nyayo zake mchana, kwenye mwanga, asingoje kusikia maumivu. "Nguu unaouma nitauponya. Usiouma ndio naogopa. Maumivu ni askari wa zamu. Akilala, jambazi haingii kwa kunyata, anaingia anaimba." Wasitembee peku hata uani. Maji ya kuogea wayapime kwa kiwiko, wasiyapime kwa mguu, maana mguu uliokufa ganzi utakuambia maji ni baridi huku ngozi inaiva. Na kwa Waislamu wenzake aliongeza kwamba udhu ni ukaguzi. Mara tano kwa siku mtu ameinama, anapitisha vidole kati ya vidole, kisigino anakizungusha kiganjani. Kama kuna kidonda utakikuta kingali kichanga. "Nyie Wakristo," akaniambia, "jipangieni wenyewe." Nilimjibu kwamba sisi tunaoshana miguu mara moja kwa mwaka, Alhamisi Kuu. "Mara moja kwa mwaka!" Alitikisa kichwa wiki nzima.

Na yeye mwenyewe alikuwa na sukari. Hakuificha. Ukimuuliza hali alisema sukari yake inapanda na kushuka kama bei ya korosho. Alichokificha ni miguu.

Alijishonea soksi za ngozi. Kazi nzuri kweli, ngozi laini ya mbuzi, mishono midogo usiyoiona, zinafungwa kwa kamba hadi juu ya kifundo. Alinieleza kwamba dini inaruhusu: ukizivaa ukiwa na udhu, basi mchana kutwa na usiku wake, kila ukitawadha huhitaji kuzivua, unapangusa tu juu yake kwa mkono wenye maji. Zikitimia saa zake unazivua, unaosha miguu, unazivaa upya. Ni ruhusa ya wazi na wengi hawaitumii kwa sababu huku kwetu ni joto, nani atake soksi? Fundi aliitumia. Alizivua mara moja tu kwa siku, alfajiri, uani, kabla hakujapambazuka. Yule aliyewaambia watu ukaguzi mara tano alibakiza mmoja, na huo aliufanya gizani.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema miguu yake inasikia baridi. Mtwara hii!

Watu wanasema kinyozi hajinyoi, wanacheka, yamekwisha. Mimi sipendi kucheka hapo. Nilikaa naye mno kuamini kwamba ni uzembe. Aliwahi kuniambia, tukiwa tunakata soli, kwamba kule karakana kwao kila asubuhi alipokea karatasi ya vipimo vya mtu aliyekatwa. Alipokea karatasi tu, urefu wa kilichobaki na unene wake, kisha anachonga. Baada ya muda akaanza kuwatambua majina. Wengine alikuwa amewatengenezea viatu mwaka uliotangulia. "Nguu ukishaonyeshwa kwa madaktari wakubwa," akasema, "hautoki wote." Kisha akarudi kwenye sponji yake, na mteja aliyefuata mwenye kidonda, Fundi alimfokea aende hospitali leo hii, asingoje kesho.

Sasa lile jambo.

Ilikuwa Ijumaa, nimewahi kutoka shule, nikafika Fundi bado yuko msikitini. Mama alikuwa jikoni, akaniambia nipite nikae. Nikaingia. Kwenye sinia kulikuwa na alama ya mguu wa kulia.

Mtu aliyekanyaga alikuwa amekanyaga sawasawa, kama tunavyofundishwa. Pembeni, nje ya sinia, kwenye vumbi la sakafu kulikuwa na chapa ya kubadhi la Fundi, lile lenye mkato wa tairi wa mshazari ambao hakumkatia mtu mwingine. Nikachuchumaa. Wayo wa mtu mzima una kisigino, una nundu ya mbele chini ya vidole, na katikati upande wa ndani una pengo pale uvungu ulipo. Huu haukuwa na pengo. Katikati ndipo palipozama kuliko pote, pamebinuka kwenda chini kama tumbo la mtumbwi, kisigino kimegusa kidogo tu. Mifupa ya katikati ilikuwa imeshuka. Nilishaiona mara moja alama ya namna hiyo, ya mzee mwenye sukari, na Fundi alinieleza mwenyewe: mguu unavimba, unapata joto, hauumi, mwenye mguu anaendelea kutembea juu ya mifupa inayovunjika bila taarifa. Dawa yake ni kufungwa plasta na kutokanyaga kabisa, miezi. Ukiwahi, mguu unabaki.

Alikuwa amejisoma mwenyewe, chumba kikiwa kitupu, akasahau kufuta. Au adhana ilimkuta.

Nikasikia komeo la mlango. Fundi akaingia na kanzu yake ya Ijumaa, amevaa soksi zake. Akaniona nimechuchumaa. Akatazama sinia, akanitazama, usoni moja kwa moja, nadhani ndiyo mara ya kwanza alianzia usoni. Akachukua rula. Akasawazisha mchanga polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, mara mbili.

"Nwalimu, umekuja mapema."

"Nimekuja mapema, Fundi."

Basi. Hayo ndiyo maneno yangu. Mimi ninayewaambia wazazi ukweli kuhusu watoto wao mbele ya kamati, nilikunywa chai, nikasifia kashata za Mama, nikaenda nyumbani. Nilijiambia ni mtu mzima, ni mwalimu wangu, ni mwanamume wa dini nyingine na mimi nani wa kumwambia avue soksi. Nilijiambia alama ya mtu ni siri yake. Niliitumia heshima yake kama pazia la woga wangu. Na kila Ijumaa iliyofuata nilirudi, na kila mara nilikuwa na sentensi moja mdomoni, na kila mara nilirudi nayo nyumbani.

Yaliyotokea baadaye nilisimuliwa na Mama, wodini, akiwa ameshika mikono yake mwenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mguu ulikuwa umevimba hauingii tena kwenye soksi. Alasiri moja Fundi akamwomba amchemshie maji ya mwarobaini aukande. Mkandaji wa kwanza aliyemruhusu maishani alikuwa mkewe. Akauweka mguu kwenye beseni. Mama akauliza, unasikia joto? Akasema bado baridi, ongeza. Akaongeza. Unasikia? Ongeza. "Alikuwa anautazama ule mguu kama anangoja useme kitu," Mama akaniambia. "Nikaongeza tena, mwanangu. Mimi na mkono wangu." Ngozi ilibanduka kama ya nyanya. Hakupima kwa kiwiko. Yeye! Mimi naamini hakusahau. Naamini alitaka mguu ujibu, na hakutaka kukiuliza kiungo kingine. Kidonda kikaingia mpaka kwenye mfupa, na madaktari wakaukata mguu chini ya goti.

Aliporudi nyumbani, sikwenda kumwona kwa miezi mitatu. Nilituma salamu, nilituma machungwa. Miguu yangu ilikuwa mizima na ilinishinda kutembea mitaa minne.

Nilipokwenda, ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, jua limeshika kibaraza chote. Alikuwa kwenye kiti, kanzu imefunika, magongo ubavuni. Amekonda. Macho yalianzia miguuni kwangu.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Soli ya kulia imeisha, Nwalimu. Kisigino kitarudi."

"Kitarudi tu."

Mama akaleta chai akaketi. Kisha Fundi akauliza, bila kunitazama, "Siku ile ya Ijumaa. Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Ukaielewa?"

"Niliielewa, Fundi. Nisamehe. Nilikuwa na la kusema, nikaogopa."

Nililia, sikuona aibu. "Niliiacha kusudi," Fundi akasema. "Sikuweza kumwambia ntu. Nikasema, Nwalimu huja Ijumaa, na huyu hanyamazi."

Hapo nilitamani sakafu inimeze. Mama alijifunika uso kwa khanga.

Fundi akajiinamia kwa shida. Akaanza kufungua kamba za ile soksi moja iliyobaki, ya kushoto, tundu moja baada ya jingine, akaivua mchana kweupe mbele yetu sote. Akanyoosha mguu wake, akauweka mapajani kwangu.

"Soma."

Niliushika. Ulikuwa mkavu, mwepesi kuliko nilivyofikiri. Uvungu ulikuwepo bado. Nikapitisha kidole kati ya vidole, nikazungusha kisigino kiganjani, kama alivyowafundisha wengine. Kisha nikaona, chini ya kidole gumba, duara jekundu dogo.

"Kuna wekundu hapa," nikasema kwa sauti, Mama asikie. "Upana wa kifungo cha shati. Na pana joto. Leo tunakwenda hospitali, Fundi, hatungoji Jumatatu."

"Ngozi imepasuka?"

"Bado."

Akashusha pumzi. "Basi bonyeza, nione kama bado nasikia."

Nilikuwa nimekwisha kubonyeza.